Dola 100 za Kufungua Leseni, na Maelfu Yaliyojificha Nyuma Yake

Texas inatoza dola 100 kumrudishia dereva leseni iliyofungiwa. Ikiwa ilifungiwa kwa sababu alikataa kupimwa kilevi, au alipimwa akakutwa amezidisha, ada ni dola 125. California inadai dola 55 kwa makosa ya kawaida, Michigan dola 125. Kwa mtu anayebeba maboksi kwenye ghala la Dallas, hicho ni kama kipato cha siku moja. Ndiyo maana sisi tunaoishi Marekani, tukisikia mwenzetu amefungiwa leseni, tunamwambia kirahisi: nenda kalipe, yaishe.

Haiishi. Ada hiyo hulipwa mwisho kabisa, baada ya malipo mengine kadhaa ambayo hayamo kwenye orodha ya bei ya ofisi ya leseni. Na hata tukiyajumlisha yote, tatizo lenyewe ni kubwa kuliko hesabu. Kwa miaka mingi majimbo mengi ya Marekani yamekuwa yakimfungia mtu leseni kwa kuwa hana fedha, kisha yakimtoza fedha zaidi ili aipate, huku yakiwa yamemnyima gari analotumia kutafutia fedha hizo. Shirika la Fines and Fees Justice Center, linalopigania kubadilishwa kwa sheria hizi, lilikadiria kuwa watu wasiopungua milioni 11 walikuwa wamefungiwa leseni kwa sababu ya madeni ya faini na ada za mahakama. Hao milioni 11 hawakufungiwa kwa ulevi wala kwa kugonga mtu na kukimbia. Walikuwa wanadaiwa.

Aliyeko Dar es Salaam au Nairobi anaweza kuuliza: si apande basi? Swali ni halali, kwa sababu nyumbani mtu hufika kazini kwa daladala, matatu au bodaboda maisha yake yote bila kushika usukani. Lakini chukua mji wa Arlington, ulioko katikati ya Dallas na Fort Worth. Una watu karibu laki nne, una viwanja viwili vikubwa vya michezo, na kwa miongo mingi umejulikana kuwa mmojawapo wa miji mikubwa kabisa Marekani isiyo na mabasi ya umma yanayopita kwenye njia maalumu. Kuna huduma ya magari madogo ya kuita kwa simu, lakini si usafiri wa kumtoa mtu nyumbani saa nane za usiku akawahi zamu mji wa jirani. Mkongomani au Mtanzania anayefanya kazi ghalani, anayezunguka nyumba kwa nyumba kuwahudumia wazee, au anayeendesha lori, kwake leseni ndiyo ajira yenyewe. Dereva wa lori yuko pabaya zaidi, kwa sababu leseni ya kawaida ikifungiwa, na ile ya kibiashara haimsaidii.

Texas ndiyo inayoonyesha wazi jinsi deni dogo linavyozaa deni kubwa. Mwaka 2003 bunge la jimbo hilo lilianzisha mpango lililouita wa kuwajibisha madereva. Mtu akishapatikana na hatia na kulipa faini ya mahakama, Idara ya Usalama wa Umma, maarufu kama DPS, ilimtoza ada nyingine ya kila mwaka kwa miaka mitatu. Aliyekamatwa bila bima: dola 250 kwa mwaka. Aliyekamatwa akiendesha huku leseni imefungiwa: dola 250 kwa mwaka. Aliyekamatwa amelewa kwa mara ya kwanza: dola 1,000 kwa mwaka, au 2,000 kama kipimo kilikuwa kikubwa sana. Asiyelipa alifungiwa leseni moja kwa moja, bila hakimu yeyote kumuuliza kama anazo.

Tumfuate dereva mmoja ndani ya mpango huo. Bima yake imekwisha mwezi huu kwa sababu kodi ya nyumba imepanda, na polisi anamsimamisha kwa taa ya nyuma iliyoungua. Analipa faini ya mahakama. Kisha inafuata barua ya DPS ikidai dola 250 za mwaka wa kwanza, na nyuma yake zipo 250 nyingine mara mbili, jumla 750. Hana. Leseni inafungiwa. Kazini hakuna aliyemfutia zamu kwa sababu hiyo, kwa hiyo anaendelea kuendesha, anakamatwa tena, na sasa kosa lake ni kuendesha akiwa amefungiwa. Zinaongezeka 750 nyingine, faini ya pili, na ada ya dola 100 ya kurudishiwa leseni. Bila kuhesabu faini zote mbili za mahakama, ameshafika dola 1,600, na bado hajanunua ile bima iliyoanzisha yote. Zaidi ya hayo, kosa la kuendesha ukiwa umefungiwa, likirudiwa au likifanyika bila bima, Texas hulihesabu kuwa jinai ya daraja B, ambayo adhabu yake inaweza kufika siku 180 jela.

Mpango huo ulidumu miaka 16. Ulipofutwa Septemba 2019, jimbo lilisamehe madeni ya takriban dola bilioni 2.5, fedha ambazo hazikuwa zimelipwa na hazikuwa na dalili ya kulipwa. Watu zaidi ya laki sita waliweza kurudi barabarani kihalali mara moja. Waliopigania kuufuta hawakuwa wa chama kimoja. Mahakimu waliochoka kuona mafaili yaleyale yakirudi walitaka ufutwe, na watu wa hospitali walikubali walipohakikishiwa kwamba fungu lao halitapotea. Maana sehemu ya fedha hizo ilikuwa inakwenda kwenye hospitali zinazotibu majeruhi wa ajali, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa kinga ya mpango: ukiugusa, unaua hospitali. Mwishowe bunge lilipandisha ada ndogo iliyomo kwenye kila bima ya gari kutoka dola 2 hadi dola 4 kwa mwaka, likaongeza faini ya jimbo kwa makosa ya barabarani, na likaweka faini nzito kwa walevi ambayo hutozwa na mahakama yenyewe. Hospitali zikapata fungu lao. Dola mbili za kila mwenye gari, pamoja na faini hizo, zingeweza kufanya kazi hiyo tangu 2003.

Sehemu iliyo muhimu zaidi kwangu ni ile faini mpya ya walevi. Kwa kosa la kwanza ni dola 3,000, sawasawa na jumla ya ile ada ya zamani ya miaka mitatu. Kiasi hakikupungua. Kilichobadilika ni kwamba sasa inatozwa na hakimu, mtu akiwa amesimama mbele yake, na sheria inamtaka hakimu aifute akiridhika kwamba mtu huyo hana uwezo. Zamani kompyuta ya idara ilituma barua na kufunga leseni.

Zipo gharama nyingine zisizotoka serikalini, na hizi ndizo zinazowashtua watu wetu. Ya kwanza ni SR-22. Watu huiita bima, lakini ni cheti ambacho kampuni ya bima hupeleka kwa jimbo kuthibitisha kwamba dereva ana bima. Kukipeleka kwenyewe ni dola chache, mara nyingi kati ya 15 na 50. Maumivu yako kwenye bima iliyo nyuma yake, kwa sababu anayedaiwa SR-22 huhesabiwa kuwa dereva hatari na bei yake hupanda ipasavyo. Texas inaitaka kwa miaka miwili, majimbo mengi mengine mitatu. Usipolipa mwezi mmoja, kampuni inalazimika kuliarifu jimbo, na leseni inafungwa upya. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui hadi waambiwe kaunta: hata asiyekuwa na gari hudaiwa. Anatakiwa anunue bima ya dereva asiyemiliki gari, yaani alipie bima ya gari ambalo hana, ili arudishiwe leseni ambayo bila gari haitamfikisha kazini.

Ya pili ni leseni ya muda ya kwenda kazini. Texas inampa aliyefungiwa nafasi ya kuomba mahakama imruhusu kuendesha kwa shughuli za lazima, kama kazi, shule na kazi za nyumbani. DPS hutoza dola 10 tu kwa mwaka kwa kibali hicho. Lakini kufungua shauri mahakamani hulipiwa, kiasi kinategemea kaunti, na SR-22 lazima iwepo kwanza. Ukiweka mwanasheria, na wengi huweka kwa kuwa makaratasi ni ya Kiingereza cha mahakamani, kibali cha dola 10 kinamaliza mamia.

Ya tatu inawahusu walevi: kifaa cha kupima pumzi kinachofungwa kwenye gari, ambacho huzuia injini kuwaka mpaka dereva apulize na aonekane hana kilevi. Gharama ya kukifunga, kukikodi kila mwezi na kukipeleka kikaguliwe ni ya dereva. Hapa sina ugomvi. Minnesota inamtoza aliyekamatwa amelewa dola 680 kumrudishia leseni, yaani ada ya 250 na nyongeza ya 430, na wanaonijua wanajua sijawahi kuwaonea huruma walevi wa barabarani. Mtu aliyeendesha gari amelewa amehatarisha watoto wa watu. Kumwondoa barabarani ni wajibu wa serikali, na kumrudisha akiwa na kifaa ndani ya gari ni busara. Nisichokubali ni kumweka yeye na mama aliyeshindwa kulipa tiketi, yaani faini, ya maegesho kwenye kapu moja na kuwapa adhabu moja.

Kuna wanaosema bila kitisho cha leseni hakuna atakayelipa faini. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu wapo watu wanaoweza kulipa wakapuuza. Lakini kitisho humtisha mwenye fedha. Asiyekuwa nazo hakimwongezei hata senti, na bilioni 2.5 za Texas ni ushahidi wa kutosha. Watafiti wa usalama barabarani wamekuwa wakikadiria kwamba hadi asilimia 75 ya waliofungiwa huendelea kuendesha. Hilo lina madhara kwetu sote, kwa sababu dereva aliyefungiwa akigonga gari lako, uwezekano wa yeye kuwa na bima ni mdogo. Chama cha wasimamizi wa leseni wa Marekani na Kanada, AAMVA, ambacho hakuna anayeweza kukiita cha wanaharakati, kilishauri tangu 2013 majimbo yaache kufunga leseni kwa sababu zisizohusu uendeshaji, kwa kuwa zinawamalizia polisi na mahakama muda wa kushughulika na madereva walio hatari kweli.

Mahakama zimeshindwa kulimaliza jambo hili, ingawa zilianza vizuri. Mwaka 1968 huko Georgia mtoto wa miaka mitano aliingia na baiskeli yake ubavuni mwa gari la mchungaji aitwaye Bell, aliyekuwa akihudumia jumuiya tatu za vijijini. Hakuwa na bima. Wazazi wa mtoto walidai dola 5,000, na sheria ya jimbo ikasema aweke dhamana ya fedha hizo au leseni yake ifungwe, wala haijalishi kama kosa lilikuwa lake au la. Mchungaji alishtaki mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1971 Jaji William Brennan, akiandika kwa niaba ya mahakama, alisema kwamba leseni ikishatolewa inaweza kuwa nguzo ya riziki ya mtu, na serikali haiwezi kuichukua bila kumpa nafasi ya haki ya kusikilizwa. Ni hukumu inayogusa moyo kila ninapoisoma. Lakini kusikilizwa juu ya kosa ni jambo moja, kusikilizwa juu ya uwezo wa kulipa ni jingine. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa sita, mojawapo ya mahakama zilizo chini ya hiyo Mahakama Kuu, katika kesi ya Michigan, iliamua kuwa Katiba hailazimishi jimbo kupima uwezo wa mtu kabla ya kumfungia leseni kwa deni.

Kwa hiyo kazi ilibaki kwa mabunge, na mabunge yamefanya zaidi ya nilivyotarajia. California iliacha kufunga leseni kwa faini zisizolipwa mwaka 2017. Michigan yenyewe, iliyoshinda kesi mahakamani, ilibadili sheria yake na mabadiliko yakaanza Oktoba 2021. Minnesota ikafuata. Ohio ilichukua muda mrefu, na ilihitaji kubadilika kuliko wengi, kwa sababu kule dereva mmoja anaweza kuwa amefungiwa mara nne kwa wakati mmoja na kila kufungiwa kukawa na ada yake ya kufunguliwa. Kuna waliokuwa wanadaiwa ada za kurudishiwa leseni zinazozidi thamani ya gari wanaloliendesha. Mwanzoni mwa 2025 Gavana Mike DeWine alitia sahihi sheria iliyoondoa sehemu kubwa ya sababu za kufungia zisizohusu uendeshaji, zikiwemo faini za mahakama zisizolipwa. Columbus, Dayton na Akron kuna familia nyingi za Wakongomani walioletwa kupitia mpango wa wakimbizi, na ninawaomba viongozi wa makanisa na misikiti ya huko wawaambie waumini wao kuhusu sheria hii, kwa sababu barua ya ofisi ya leseni haitawaambia kwa Kiswahili.

Barua ni tatizo peke yake. Sheria huhesabu kwamba umepata taarifa ikishatumwa kwenye anwani iliyoko kwenye rekodi yako. Mkimbizi hubadilisha nyumba mara mbili au tatu katika miaka ya mwanzo, kila mara akifuata kodi nafuu. Texas inampa siku 30 kubadilisha anwani kwenye leseni, na nani anakumbuka hilo wakati wa kuhamisha watoto shule? Barua ya kwamba tiketi haijalipwa inakwenda nyumba ya zamani. Barua ya kufungiwa inakwenda nyumba ya zamani. Dereva anajua siku anaposimamishwa na polisi, na siku hiyo tayari ni kosa jipya. Anayetaka kulijali jambo hili kwa vitendo aanzie hapo, kwa kumsaidia jirani kubadilisha anwani.

Na Texas haijamaliza kazi. Ule mpango wa 2003 umekufa, lakini upo mwingine unaoendeshwa na kampuni ya OmniBase kwa mkataba na DPS: mahakama ndogo ya mji ikiripoti kwamba mtu hakufika au hakulipa faini, DPS inakataa kuhuisha leseni yake mpaka shauri liishe. Leseni haifungiwi siku hiyo. Inaachwa ife yenyewe tarehe ya mwisho ikifika, na matokeo kwa mwenye nayo ni yaleyale. Kila shauri lina ada ya dola 10 (ilikuwa 30 hadi miaka michache iliyopita), juu ya faini yenyewe. Mji wa Austin uliacha kutumia mpango huu, na miji mingine ya Texas ingefaa ifanye vivyo hivyo bila kungoja bunge.

Mpaka hapo, aliye katika hali hii asianze kwa kulipa. Aanze kwa kuangalia. DPS ina ukurasa wa mtandaoni ambapo dereva huingiza namba ya leseni, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya hifadhi ya jamii, akaona kila kizuizi kilichopo na ada inayokihusu, bila malipo. Ofisi ya leseni ya Ohio nayo inayo huduma ya namna hiyo, na anayedaiwa ada za kurudishiwa leseni anaweza kuomba alipe kwa mafungu. Watu wengi hulipa dola 100 kwa furaha, kisha wanaambiwa kuna kizuizi kingine kutoka mji ambao walipita mara moja miaka mitano iliyopita.

Kabla ya kulipa ile dola 10 na faini iliyo nyuma yake, aende mahakama iliyomripoti na aseme wazi kwamba hana uwezo. Sheria ya Texas inamchukulia mtu kuwa asiye na uwezo, kwa ajili ya ada hiyo, akiwa anapokea msaada wa chakula wa SNAP au Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo), au kipato cha nyumba yake kikiwa chini ya asilimia 125 ya kiwango rasmi cha umaskini. Familia nyingi za wakimbizi ziko ndani ya masharti hayo. Apeleke ile barua ya SNAP. Aombe mkalimani wa Kiswahili, kwa jina la lugha, kabla ya siku ya kusikilizwa. Kwa upande wa faini, aombe kulipa kidogo kidogo, au kufanya kazi za jamii badala ya fedha, na hakimu ana mamlaka ya kukubali yote mawili. Lakini makarani hawana wajibu wa kumkumbusha asiyeuliza.